Uzoroasta na Ukristo wa mwanzo, uhusiano wao ni upi hasa?

Uzoroasta ni dini ya kale ya Uajemi, yaani Iran ya leo, ya nabii anayeitwa Zarathustra, Wagiriki wakamwita Zoroaster na jina hilo ndo likashika. Wataalamu wengi wanamuweka kati ya mwaka 1500 na 1000 KK kwa kuangalia lugha ya tenzi zake 17 zinazoitwa Gatha. Wafuasi wake bado wapo Iran na India, wale wa India ndo Waparsi, na hata Zanzibar waliishi wakawa na hekalu lao la moto, familia ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja 1946 ilikuwa ya Waparsi hao. Msomaji wa Biblia anawajua makuhani wao kwa jina la mamajusi, na Kurani nayo inawataja Majusi kwenye Sura ya 22 aya ya 17.

Wanachoamini ni hivi. Mungu mkuu ni Ahura Mazda, muumba wa kila kilicho chema, na anayempinga ni Angra Mainyu, roho ya uharibifu. Kila mtu anachagua upande wake kwa mawazo, maneno na matendo. Ukifa roho yako inavuka daraja la Chinvat, kwa mwenye haki linakuwa pana na kwa mwovu linakuwa jembamba mpaka anatumbukia. Alafu mwisho wa nyakati anakuja mkombozi, Saoshyant, mama yake ni bikira aliyeoga kwenye ziwa lililohifadhi mbegu ya Zarathustra, wafu wanafufuliwa, na mto wa madini yaliyoyeyuka unapita dunia nzima, mwenye haki anausikia kama maziwa ya uvuguvugu na mwovu anaungua kwelikweli.

Mkristo akisoma hapo lazima ashtuke, na hapo ndo watu wanakimbilia kusema Ukristo umekopi kila kitu. Mi sikubaliani nao, na wale wanaosema hakuna uhusiano wowote pia sikubaliani nao. Uhusiano upo ila ulipitia kwa Wayahudi, tena taratibu, kwa karne kadhaa.

Mwaka 539 KK Koreshi mfalme wa Uajemi aliiteka Babeli, Wayahudi waliokuwa uhamishoni wakaruhusiwa kurudi kwao na kujenga hekalu, ndo maana Isaya 45:1 inamwita masihi wa Bwana, heshima ambayo hakuna mfalme mwingine wa mataifa aliyepewa. Koreshi mwenyewe kwenye silinda yake ya udongo anamsifu Marduki mungu wa Babeli, lakini Dario aliyekuja baadaye kidogo, kwenye maandishi ya mwamba wa Behistun, kila ushindi anasema kasaidiwa na Ahura Mazda. Wayahudi wakakaa chini ya dola hilo miaka kama 200 mpaka Alexander alipokuja, na miaka 200 ya kuishi na watu, kulipa kodi kwao, kufanya kazi kwenye majumba yao, haiwezi kupita hivihivi.

Fungua Biblia yako uone kitu. 2 Samweli 24:1, Mungu anawakasirikia Israeli na ni yeye anayemchochea Daudi awahesabu watu. Sasa nenda 1 Nyakati 21:1, tukio ni lilelile, Daudi ni yuleyule, ila anayemshawishi ni Shetani. Nyakati kiliandikwa nyuma sana, baada ya uhamisho, enzi za Waajemi au baadaye kidogo. Katikati hapo kuna watu walianza kuona shida kumbebesha Mungu ubaya moja kwa moja, na mimi naamini kuishi jirani na dini inayosema ubaya una chanzo chake peke yake kulisaidia wazo hilo likomae. Ushahidi wa wazi zaidi uko kwenye Tobiti, kitabu ambacho Wakatoliki wanacho, hadithi yake sehemu kubwa iko huko Umedi, upande wa Iran ya leo, na pepo aliyewaua waume saba wa Sara anaitwa Asmodeus, jina ambalo wataalamu wengi wanalirudisha kwa Aeshma, pepo la hasira la Wazoroasta.

Ufufuo ni hivyohivyo. Sehemu kubwa ya Agano la Kale wafu wote wanashuka kuzimu, mwema na mbaya, basi. Danieli 12:2, karne ya 2 KK, ndo inasema wazi kwamba wengine wataamka kwa uzima wa milele na wengine kwa aibu. Wakati huo Wayahudi walikuwa wanauawa na mfalme Antioko kwa sababu ya imani yao, kwa hiyo swali la haki yao iko wapi lilikuwa la kwao wenyewe, halikutoka Uajemi. Enzi za Yesu bado walikuwa wanabishana, Masadukayo wanakataa ufufuo na malaika, Mafarisayo wanakubali, soma Matendo 23:8, na kwenye hilo Yesu na Paulo wako pamoja na Mafarisayo.

Ila panaponivutia mimi kuliko kote ni Qumran. Kwenye magombo yaliyoanza kupatikana kando ya Bahari ya Chumvi miaka ya 1940 kuna Kanuni ya Jumuiya, inasema Mungu alimuwekea mwanadamu roho mbili, ya kweli na ya upotovu, wana wa nuru wanaongozwa na Mkuu wa Nuru na wengine wako chini ya Malaika wa Giza. Iweke karibu na Yasna 30 kwenye Gatha, inayosimulia roho mbili pacha, moja ikachagua wema na nyingine ubaya, utaona zinavyofanana. Lakini Myahudi wa Qumran hakuimeza tu, kasisitiza roho zote mbili zimeumbwa na Mungu mmoja. Baadaye Yohana 12:36 Yesu anawaambia watu wawe wana wa nuru, na hapo hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake.

Kuhusu mamajusi waliokwenda kumwona mtoto Yesu, Mathayo hasemi walikuwa watatu wala wafalme, hayo yaliongezwa na mapokeo. Kuna injili ya utoto ya Kiarabu, haimo kwenye Biblia, inasema walikuja kwa sababu Zarathustra alitabiri, Mariamu akawapa nguo aliyofungiwa mtoto, wakafika kwao wakaitupa motoni na haikuungua, wakaibusu. Nikiisoma naona Wakristo wa mashariki wakitafuta njia ya kuongea na majirani zao kwa lugha ya moto wao.

Tahadhari mbili. Habari za Saoshyant kwa urefu wake na ule mto wa madini ziko kwenye Bundahishn, kitabu cha karne ya 9 BK, kwa hiyo usizichukue zote kama zilimtangulia Yesu, ingawa Theopompus, Mgiriki wa karne ya 4 KK, tayari alisema mamajusi wanafundisha kwamba watu watafufuka. Na ile ya Mithra, mungu mwenye asili ya Uajemi aliyeabudiwa na Warumi, kuzaliwa na bikira tarehe 25 Desemba iacheni jamani, kwenye sanamu za Kirumi anatoka kwenye mwamba.

Na kufanana hakukuwafanya ndugu. Mzoroasta anaona kufunga na useja ni kuunyima mwili alioumba Ahura Mazda, wakati watawa wa Kikristo waliona ni utakatifu. Roma ilipoanza kuupendelea Ukristo, Shapur wa pili, mfalme wa Uajemi, akawashuku Wakristo wake kuwa ni watu wa Roma, akadai kodi maradufu, na kuanzia miaka ya 340 hivi wengi wakauawa, akiwemo askofu Simeoni. Mwaka 410 mfalme Yazdgerd wa kwanza akaruhusu maaskofu wakutane Seleucia-Ctesiphon, mji wake mkuu, na Kanisa la Mashariki likaendelea kuishi chini ya wafalme wa Kizoroasta mpaka Waarabu walipoiteka Uajemi karne ya 7.