Farasi wa ranchi na rodeo (mashindano ya wachunga ng'ombe): pima nywele kabla ya kupandisha

Kwenye ranchi za Texas na majimbo ya jirani, farasi anayetegemewa zaidi kwa kazi ya ng'ombe ni Quarter Horse, ambaye chama chake cha usajili kilianzishwa mwaka 1940. Si mrefu: wengi wana sentimita 147 hadi 157 begani. Mgongo wake ni mfupi na mapaja ni mazito, ndiyo maana huchomoka ghafla, husimama papo hapo, na huweza kurudi nyuma kukaza kamba wakati mpandaji ameshuka kumfunga ndama. Angalia pia kwato. Kwato ndogo chini ya mwili mzito huleta kilema mapema, hata ukoo uwe na vikombe vingi namna gani.

Lakini macho hayaoni jeni. Dume aitwaye Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969, alipendwa kwa misuli yake, na uzao wake ukaeneza HYPP, ugonjwa unaoleta mitetemo, udhaifu na hata kupooza, hasa farasi akila chakula chenye potasiamu nyingi kama alfalfa au molasi. Nakala moja ya jeni yenye kasoro inatosha kumwumiza. Chama hakisajili mwenye nakala mbili aliyezaliwa kuanzia 2007.

HERDA, ugonjwa wa ngozi wa kurithi, hufanya kazi kwa namna nyingine, na hujificha zaidi. Inahusishwa na ukoo wa dume aitwaye Poco Bueno, damu inayothaminiwa sana kwa farasi wa kutenga ng'ombe kundini. Mwenye nakala moja ni mzima kabisa. Ukipandisha wawili wa namna hiyo, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kutoa mgonjwa. Mara nyingi hugundulika akiwa na miaka kama miwili, anapoanza kutandikwa: ngozi ya mgongoni inachanika, inaacha makovu, na hakuna tiba. Gharama zote za kumlea zimeshapotea. GBED, ugonjwa mwingine wa jeni, nayo hurithiwa vivyo hivyo. Mimba huharibika au mtoto hufa mchanga, na mfugaji hulaumu maambukizi.

Kipimo cha jeni ni rahisi. Ng'oa nywele 20 hadi 30 za shingoni au mkiani pamoja na mizizi yake. Zilizokatwa kwa mkasi hazifai, kwa kuwa sampuli ya jeni hutoka kwenye mzizi. Mwenye nakala moja ya HERDA si lazima aachwe, mradi mwenzake awe safi.

Jike huingia kwenye joto takriban kila siku 21, kwa siku 5 hadi 7, na yai hutoka saa 24 hadi 48 kabla joto halijaisha. Kupandisha siku ya kwanza tu ni kuwahi mno. Siku ya 14 hadi 16 baada ya yai kutoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo apigwe ultrasaundi, hasa kutafuta mapacha: kondo la farasi huhitaji karibu mji wote wa mimba, kwa hiyo wawili hunyimana nafasi na mara nyingi mimba zote mbili huharibika. Kabla ya siku ya 16 daktari anaweza kuondoa kiinitete kimoja kwa urahisi. Chanjo ya EHV-1, kirusi kinachoharibu mimba za farasi, hutolewa mwezi wa 5, 7 na 9 wa ujauzito.

Mimba huchukua siku 340 hivi. Mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye dang'a ndani ya saa mbili. Kondo lisipotoka kwa saa tatu, usilivute. Mwite daktari, maana kipande kikibaki huweza kuleta sumu mwilini na kuharibu kwato za mama.