Balbu ya LED peke yake haishushi mahitaji ya umeme ya taifa
Pale Kondele, Kisumu, utasikia: tukiweka LED sote, Kenya itahitaji umeme kidogo. Kwa balbu moja, kweli. LED ya wati 9 hutoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60. Ila mwanga ukiwa wa bei nafuu, taa ya nje huachwa ikiwaka hadi asubuhi. Kipato kikiongezeka, friji inaingia, kisha pasi. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliliona jambo hili mwaka 1865: injini zilizotumia makaa ya mawe kidogo ziliongeza matumizi yake kwa jumla. Si lazima akiba yote imezwe, lakini anayekadiria mahitaji hupima teknolojia, kipato na bei pamoja. Tokeni za umeme zikipanda bei, hata pasi ya makaa hutolewa uvunguni.