Waipa Zimegoma? Sikiliza Mota Kabla ya Kununua Nyingine

Kila mwaka mvua za Novemba zikishaanza kupiga Tabora, karakana yetu ya chuo hupokea magari ya zamani yenye kilio kimoja. Waipa zimelala tangu masika yaishe. Miezi yote ile ya jua na vumbi dereva hakuigusa swichi hata mara moja, na siku wingu linapomfungukia akiwa njia ya Urambo ndipo anapokumbuka kwamba gari lina waipa. Nazo zinagoma.

Wengi huja na jibu mkononi: "Mwalimu, mota imekufa, nimeshaulizia bei." Nafundisha umeme wa magari, na nimeona mota ikilaumiwa bure mara nyingi mno. Ni kitu kigumu kile. Vinavyochoka mapema ni vidude vya bei ndogo vilivyo kati yake na kioo, na masikio yako yatakuambia nusu ya habari kabla hujashika spana.

Anza kwa kumwagia kioo maji, maana raba ikisugua kioo kikavu chenye mchanga huacha michirizi isiyofutika. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, injini iache imezimwa. Washa waipa, tulia, sikiliza.

Ukisikia mota inanguruma na mkono mmoja unacheza huku mwenzake umelala, fungua kile kikofia cha plastiki kwenye shina la mkono uliolala. Chini yake kuna nati. Mkono umekalia meno madogo madogo ya shafti, na nati ikilegea shafti huzunguka peke yake. Watu wengi huikaza tu wakaondoka, na wiki haiishi wanarudi. Utoe mkono, sugua meno kwa brashi ya waya mpaka ungaunga wote utoke, urudishe pale unapolala waipa zikiwa zimezimwa, ndipo ukaze. Meno ya mkono yakiwa yamelika kabisa, nunua mkono. Na wakati wowote unaponyanyua mkono usio na raba, tandika kitambaa kinene juu ya kioo. Ile springi ya mkono ikikuponyoka, utanunua kioo pia.

Mota inanguruma na mikono yote miwili imelala? Linki, vyuma vinavyounganisha mota na mikono, imechomoka. Fungua ile plastiki ndefu iliyo chini ya kioo utaviona vyuma vyembamba vilivyoungwa kwa vichwa vya duara, kila kichwa kimekaa ndani ya bushi ya plastiki. Bushi iliyopigwa na jua la miaka ishirini hupasuka, kichwa kikatoka. Fundi wa barabarani atakufungia kwa waya, na simlaumu, utafika nyumbani. Ila waya ule si matengenezo. Tafuta bushi, au linki nzima iliyotumika. Ukiwa unachokonoa humo, ufunguo uwe mfukoni mwako na waya hasi wa betri uwe umetolewa: mota ile na gia yake ina nguvu ya kuvunja kidole.

Ukishafungua hapo, toa na majani. Tabora hii nani hapaki chini ya mwembe? Majani huingia chini ya ile plastiki, yakaoza, yakaziba matundu ya kutolea maji, na kwenye magari ambayo mota imefungwa humo humo, mota inabaki inaoga msimu mzima.

Sasa tuje kwenye kimya kabisa. Tazama fyuzi, ukisoma mfuniko wa boksi lake kujua ipi ni ya waipa. Ukiikuta imekatika, weka yenye namba ileile. Ikikatika tena, huenda kuna kitu kinaielemea mota, na mara nyingi ni shafti za mikono zilizoshikwa na kutu. Itenge linki na mota, kisha zungusha kila shafti kwa mkono. Ikiwa inakupa kazi, hapo ndipo penye ugonjwa. Ipe mafuta ya kulegeza kutu, izungushe huku na huku mpaka ilainike, malizia na grisi. Niliwahi kufungua boksi la gari moja nikakuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara imekunjwa mahali pa fyuzi. Mwenye gari alijisifu kwamba haijawahi kukatika. Ni kweli, haitakatika. Zitaungua nyaya.

Fyuzi ikiwa nzima, chomeka testa ya taa kwenye plagi ya mota, swichi ikiwa imewashwa. Testa isipowaka, umeme unakwamia njiani: swichi, rilei au waya uliotafunwa na panya. Ikiwaka na mota bado kimya, usiihukumu. Chukua kipande cha waya, shika upande mmoja kwenye bodi ya mota na mwingine kwenye ncha hasi ya betri. Mota ikizunguka, kosa ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kwenye magari ya zamani athi hupita kwenye bolti zinazoishikilia mota, na kutu ya pale inatosha kuizima. Piga msasa, kaza, umemaliza.

Ikikataa hata hapo, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimekwisha. Hapo mota ina hatia, lakini hata hivyo fundi mzuri hubadilisha kaboni tu.

Waipa zinazokwenda kichovu huwa na shafti kavu au athi mbaya, kwa hiyo tiba ni ileile. Spidi ndogo ikifa na kubwa ikabaki, shuku swichi au kaboni ya spidi ndogo, maana kila spidi ina kaboni yake. Zinazosimama katikati ya kioo ukizizima zina sahani chafu ya kupaki, ile inayozirudisha mahali pake pa kulala, ndani ya kifuniko cha gia.

Kuhusu raba, zikiacha mistari zioshe kwa maji na sabuni kabla ya kuzitupa, na kioo nacho, kwa sababu utomvu wa mwembe hauondoki kwa mvua.

Madereva wazee wa Urambo na Kaliua watakuambia usugue kioo kwa jani la tumbaku, maji yateleze. Mchana, kwa manyunyu, sina ugomvi nao. Usiku, taa za lori zikikupiga usoni na kioo kina utando, hutaona baiskeli iliyo mbele yako. Waipa zikifia njiani mvua ikiwa nzito, toka kabisa kwenye lami, washa hazadi, weka pembetatu zako nyuma, usubiri ipungue.