Kurenda kwa mtandao: maana yake, na kwa nini folda ndiyo yenye kazi kubwa

Kurenda kwa mtandao ni kuzigawia kompyuta kadhaa zilizounganishwa fremu, yaani picha mojamoja, za animesheni moja, kila kompyuta ikatengeneza picha za mwisho za fremu ilizopewa. Kuziunganisha kompyuta tano ndogo hakukupi kompyuta moja kubwa. Zinabaki tano, kila moja inapiga hesabu zake peke yake, na wala hazina haja ya kuulizana chochote.

Kinachowaleta watu kwenye jambo hili ni muda. Video ya dakika moja yenye fremu 25 kwa sekunde ina fremu 1,500. Tuseme fremu moja inachukua dakika 4, ambazo si nyingi kwa mandhari yenye maji, kioo au nywele. Hizo ni dakika 6,000, sawa na saa 100: siku nne, usiku na mchana, kompyuta yako haishikiki kwa kazi nyingine. Kompyuta tano za nguvu sawa humaliza kwa saa 20 hivi. Kazi chache za kompyuta hukubali kugawanywa vizuri namna hiyo, na ndiyo maana studio za katuni zimefanya hivi tangu zamani. Pixar walipotengeneza Toy Story, iliyotoka mwaka 1995, fremu zake zilirendwa na kompyuta 117 za Sun Microsystems.

Ila uelewe kinachopungua ni nini. Fremu ya dakika 4 bado itachukua dakika 4. Zinaenda tano kwa pamoja, basi. Msanifu majengo mwenye picha moja tu ya nyumba hatafaidika na mgawanyo wa fremu. Yeye ana njia nyingine: picha ileile irendwe kwenye kompyuta nne kwa sampuli 250 kila moja (sampuli ni miale ya mwanga inayojaribiwa kwa kila nukta ya picha), kila kompyuta ikipewa namba tofauti ya kuanzishia bahati nasibu ya miale, kisha picha nne zichukuliwe wastani. Chembechembe zinazochafua picha hupungua karibu sawa na picha ya sampuli 1,000. Inafanya kazi, lakini ina usumbufu wake, na kwa picha moja mara nyingi ni nafuu kuiacha kompyuta yako ikeshe.

Sasa folda. Wengi hudhani ugumu uko kwenye kebo na anwani za IP, kumbe kazi nyingi zinazoharibika huharibikia kwenye mafaili. Faili la mradi wa Blender, programu ya bure ya picha za 3D ninayoitumia hapa kama mfano, mara nyingi halibebi kila kitu ndani yake. Linataja mahali zilipo picha za ukuta, za mbao, za ngozi, na fonti. Kwako zipo D:\Kazi\Picha. Kompyuta ya pili haina folda hiyo, au inayo yenye vitu vingine. Haitasimama kukuuliza, itarenda ukuta wako kwa rangi ya waridi kali, rangi ambayo Blender hutumia picha ikikosekana, na itaendelea hivyo hadi asubuhi.

Dawa ni folda moja ya pamoja kwenye mtandao, iliyo na mradi mzima: faili la Blender, picha, fonti, na mahali pa kuweka fremu zilizokamilika. Kwenye Windows, ipe folda hiyo herufi ileile kwenye kila kompyuta, kwa mfano Z:, na hata wewe mwenyewe ufungue mradi kupitia Z:, usipite njia ya mkato ya diski yako. Ndani ya Blender fanya njia za mafaili zihesabiwe kuanzia pale faili la mradi lilipo. Njia za aina hiyo huanza na //. Ukifanya hivi, sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza.

Nimesema kompyuta hazina haja ya kuulizana, maana kwa kawaida fremu hazitegemeani. Kuna mahali zinategemeana: kitambaa kinachoanguka, moshi, maji yanayomwagika. Kompyuta iliyopewa fremu ya 400 haiwezi kujua kitambaa kilivyojikunja katika fremu 399 zilizotangulia. Kwa hiyo hesabu hizo zipigwe kwanza kwenye kompyuta moja, matokeo yahifadhiwe kwenye folda ya pamoja, ndipo kazi igawanywe. Ukiruka hatua hii, nguo ya mhusika itarukaruka kila fremu zinapobadilisha kompyuta.

Toleo la Blender nalo liwe moja kila mahali, hadi tarakimu ya mwisho, pamoja na programu-jalizi zake. Na kama baadhi ya kompyuta zina kadi ya michoro na nyingine zinatumia prosesa tu, mimi huona ni salama zaidi kipande kimoja cha filamu kirendwe na aina moja. Tofauti ni ndogo, lakini jicho huiona picha ikicheza.

Fremu zitoke kama picha, PNG au OpenEXR, kamwe zisitoke moja kwa moja kama video. Kompyuta tano haziwezi kuandika faili moja la video kwa wakati mmoja. Halafu kuna umeme. Ukikatika saa nane usiku, picha zilizokwisha kuandikwa zinabaki salama, na unachopoteza ni zile fremu zilizokuwa mkononi. Video utaiunganisha mwishoni. Ni kazi fupi.

Kugawa kwenyewe kuna njia tatu. Ya kwanza ni ya mkono: kila kompyuta inapewa amri yenye mwanzo na mwisho wake, mfano

blender -b Z:\kazi.blend -s 1 -e 300 -a

Herufi -a iwe mwisho, kwa sababu Blender husoma amri kwa mpangilio na huanza kurenda papo hapo inapoikuta. Njia ya pili iko kwenye mipangilio ya kutoa picha: zima «Overwrite», washa «Placeholders», kisha anzisha kurenda kwenye kompyuta zote. Kila moja huweka faili tupu la fremu inayoishika, nyingine zikiliona zinaruka kwenda fremu inayofuata. Kwa kompyuta tatu, naona hii inatosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba kompyuta ikizimika katikati, faili tupu hubaki pale na hakuna atakayeirudia fremu hiyo, mpaka ulifute.

Ya tatu ni kuweka msimamizi. Flamenco, programu ya bure inayotengenezwa na Blender Studio, ina sehemu mbili: msimamizi kwenye kompyuta moja, na mfanyakazi kwenye kila kompyuta inayorenda. Kazi unaituma kutoka ndani ya Blender, maendeleo unayaona kwenye kivinjari, na fremu ikishindikana kwa mfanyakazi mmoja hupewa mwingine. Iache ndani ya mtandao wa ofisi tu, usiifungulie intaneti.

Ukiwa na msimamizi utalazimika kuamua kila fungu liwe na fremu ngapi. Fungu dogo mno, Blender hufunguliwa na kupakia mradi upya kila mara. Fungu kubwa, kompyuta ya polepole itawachelewesha wote: ikipewa fremu 50 na kila moja inaichukua dakika 12, hizo ni saa 10, wenzake wamemaliza na wamekaa. Kompyuta zikiwa hazilingani, punguza fungu.

Wifi iepuke. Mradi wa GB 3 ukisomwa na kompyuta tano ni GB 15 kutoka folda moja. Swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) ya zamani ya megabiti 100 hupitisha MB 12 hivi kwa sekunde, kwa hiyo dakika 20 zinaisha kabla fremu ya kwanza haijaanza. Swichi ya gigabiti hufanya hivyo kwa dakika mbili na kitu.

Kuhusu bili, kompyuta tano za wati 300 kwa saa 20 hula yuniti 30, sawasawa na moja kwa saa 100. Zitakazokula zaidi ni zile kuukuu, zinazotumia umeme uleule kwa fremu chache. Joto la kilowati moja na nusu kwenye chumba kimoja nalo si dogo, basi fungua madirisha au tawanya kompyuta.

Kabla ya kuachia kazi nzima, peleka fremu moja ileile kwenye kila kompyuta, ukizipa picha majina tofauti, kisha zifungue pamoja na uangalie rangi, vivuli na maandishi. Isiyofanana na wenzake iondoe kwenye orodha hadi ujue inakosa nini.