Sadaka isiingie kwa simu ya pasta

Mimi ni mhasibu, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisaidia makanisa madogo hapa Nakuru kuweka vitabu vya pesa, yale ya mabati na viti vya plastiki ukienda Rhonda, Kaptembwo, mpaka huko Njoro. Nikiingia kanisa jipya siulizi kwanza wanapata ngapi. Nauliza sadaka ikitumwa kwa simu inaingia kwa namba ya nani, na mara nyingi wazee wanaangaliana, alafu mmoja anasema ni ya pasta.

Wacha nieleze mbona hilo jibu linanikosesha usingizi, na sio ati naona mapasta ni wezi. Wengi nimefanya kazi nao wana maisha magumu kushinda washirika wao, na shida inaanzia hapo.

Kuna kanisa moja, sitalitaja, tulikuwa tunachanga pesa ya mabati. Mama mmoja anauza mboga akatuma elfu mbili Jumamosi usiku, pesa alikuwa ameweka kidogo kidogo tangu mwezi uanze. Wiki hiyo mtoto wa pasta alikuwa amelazwa na pasta alikuwa amefuliza, yaani amekopa kwa M-Pesa ya simu yake, ndio alipe dawa. Sasa unajua vile hiyo kitu hufanya, ukiwa na deni la fuliza pesa yoyote ikiingia kwa laini yako inakatwa kwanza, haiulizi imetoka kwa nani wala ni ya nini, kwa hivyo elfu mbili ya mabati ikaisha pasta akiwa amelala. Asubuhi akaona meseji, akaogopa kusema, akajiambia atarudisha mwisho wa mwezi kabla mtu ajue. Mwisho wa mwezi yule mama akasimama wakati wa matangazo akauliza mbona jina lake halijasomwa. Hakuna mtu aliiba. Lakini kufika Krismasi nusu ya washirika walikuwa wamehama, na mweka hazina nilikuwa mimi, nilijua ile namba ni ya pasta nikanyamaza ju niliona kumuuliza ni kumkosea heshima.

Watu huniambia mambo ya vitabu na stetimenti ni ya dunia, kanisani tunaenda na imani. Mzee mmoja aliniuliza, "Msichana yangu, kwani hapa ni benki?" Nikamwomba, mzee, tufungue 2 Wafalme 12 tusome pamoja. Mfalme Yehoashi alikuwa ameagiza makuhani wapokee pesa, kila mmoja kwa watu wenye anajuana nao, ndio watengeneze nyumba ya Bwana. Mwaka wa 23 wa utawala wake ukafika na nyumba bado iko na nyufa. Hapo hakuna mahali imeandikwa makuhani walikula pesa, imeandikwa tu kazi haikufanyika. Alafu angalia vile ilirekebishwa: kuhani Yehoyada alitwaa sanduku, akatoboa tundu kwa kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu upande wa kulia mtu akiingia, mahali kila mtu anaona. Likijaa, anakuja mwandishi wa mfalme na anakuja kuhani mkuu, watu wa ofisi mbili tofauti, wanahesabu pamoja, wanafunga kwa mifuko, wanapea wasimamizi wa ujenzi. Mimi nilifundishwa hiyo darasani nikisomea uhasibu, ati mtu mmoja asishike pesa peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na kumbe ilikuwa kwa Biblia yangu miaka yote. Paulo naye kwa 2 Wakorintho 8, akipeleka mchango wa watakatifu, alitaka ndugu wengine waende nao mtu asije akamlaumu, na huyo ni Paulo. Namba ya pasta inaturudisha pale kila kuhani alikuwa anapokea kwa marafiki zake.

Ilianzaje? M-Pesa iko tangu 2007 lakini kwa makanisa mengi yetu kikapu ndio kilizunguka. Machi 2020 korona ikafunga ibada, na Julai zilipofunguliwa ilikuwa watu wasizidi 100, saa moja tu, wenye wako chini ya miaka 13 ama zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Mapasta wakatoa namba zao ju hakukuwa na njia ingine ya haraka, na kwa hilo siwalaumu hata kidogo. Korona ikapita, namba ikabaki. Na kuna jambo lenye watu hawapendi kulizungumza: pasta akifariki, Mungu aepushe, pesa iliyo kwa laini yake inahesabiwa mali ya marehemu, itabidi familia iende kortini kwa mambo ya urithi na kanisa likae foleni kama mdai mwingine.

Kwa hivyo nashauri Paybill, namba ya M-Pesa ya kupokea malipo, kwa jina la kanisa. Utahitaji kanisa liwe limesajiliwa, liwe na PIN ya KRA, wale wa ushuru, na barua yenye sahihi za viongozi, na najua kuna makanisa yamekaa miaka bila cheti, hiyo ni kazi ya kuanza nayo kesho. Usichukue Till, ile namba ya kulipia dukani, ju ni rahisi. Till haina sehemu ya kuandika akaunti, pesa zote zinaingia kama kitu kimoja, lakini Paybill mtu anaandika FUNGU, JENGO, WAJANE, na jioni stetimenti inakuonyesha kila shilingi ilikuja kufanya nini. Pesa ya wajane ikinunua spika utaijua.

Kikapu nacho hesabuni watatu, wasiwe mume na mke, hapo hapo kanisani, mwandike noti za elfu ni ngapi, za mia ni ngapi, kila mtu aweke sahihi kabla hajatoka mlangoni. Yote iende benki vile ilivyo. Kutoa nauli ya mhubiri mgeni kwa kikapu kabla ya kuhesabu naona karibu kila mahali, na inaharibu hesabu yote. Huko Njoro watu bado wanaleta kuku, mayai, gorogoro ya mahindi, tunapiga mnada baada ya ibada, na hapo andikeni pia nani amechukua kuku akasema ataleta Jumapili.

Kuhusu wanasiasa na pesa zao kanisani nitasema kidogo tu. Septemba 2021 kule Butere, Rose Okeno akisimikwa kuwa askofu wa kianglikana, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa wanasiasa wahutubu kanisani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza mchango wa Rais Ruto kwa parokia ya Soweto urudishwe. Mimi nikisoma hiyo habari nilifikiria kitabu cha pesa. Pesa ya kurudisha lazima ujue ilikuwa ngapi, nani alipokea, iko wapi saa hii, na nilihesabu kwa kichwa makanisa nayajua yenye yangeweza kurudisha bahasha hata kama yangetaka, yakawa mawili.

Yule mama wa mboga nilimpata sokoni mwaka jana. Nilimwambia ukweli wote, mtoto kulazwa, fuliza, na vile mimi nilinyamaza. Alifunga sukuma yangu kwanza, polepole, alafu akasema angejua mtoto wa pasta ni mgonjwa angetuma hiyo elfu mbili na ingine juu yake.