Mji rafiki kwa wazee si nyumba ya kulelea wazee
Ukitaja mji unaowajali wazee, wengi huwaza makao ya kuwalelea. Sivyo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, uliotokana na mazungumzo na wazee wa miji 33, Nairobi ikiwemo. Mada zilikuwa nane, na huduma za afya zilikuwa sehemu ya moja tu. Nyingine ziligusa usafiri, makazi, heshima, hata ajira. Kwa kweli mzee huhitaji vitu vya kawaida mno: benchi lenye kivuli njiani, choo safi, mtaro uliofunikwa, dereva anayengoja abiria aketi kwanza ndipo aondoe gari. Na benchi hilohilo atalikalia mama mjamzito anayerudi kliniki.