Piramidi ya Louvre haina vioo 666

Ukisikia habari za piramidi ya kioo iliyo uani mwa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, hukosi mtu wa kukuambia kwamba ina vioo 666, namba ya mnyama wa Ufunuo, na kwamba Rais François Mitterrand ndiye aliyeagiza iwe hivyo. Uvumi huu ulianza miaka ya 1980 jengo likiwa bado linajengwa, na riwaya moja iliyouzwa sana mwaka 2003 ikaufufua.

Idadi inayotolewa na Louvre yenyewe ni 673, na hesabu yake haihitaji imani. Upande usio na mlango una safu 17 za vioo vya umbo la uru, kama lile la kwenye karata: kimoja juu, viwili chini yake, mpaka 17. Jumla 153. Ongeza pembetatu 18 za ukingo wa chini, unapata 171. Pande za namna hiyo ni tatu, yaani 513. Upande wa nne umepungukiwa vioo 11 kupisha mlango, umebaki na 160.

Mbunifu wake, I. M. Pei, Mmarekani mzaliwa wa China, alikuwa na shughuli nyingine kabisa na vioo hivyo. Kioo cha kawaida huwa na ukijani kidogo; yeye alidai kisicho na rangi, ili kuta za kale za jumba zionekane zilivyo. Piramidi ilizinduliwa mwaka 1989.